Yaonekanayo Juu ya Mnazi

Katika safari zangu nimekutana na wasomi wengi, na kila niliyemwuliza kwa nini alichagua chuo alichosoma alinipa sababu nzuri, ya kupendeza, ambayo nadhani aliitunga baadaye. Sefu Mwarora wa Galu ndiye peke yake aliyeanza kwa kunipa sababu mbaya.

"Mimi nilitaka joho," alisema. "Joho jekundu. Nilikuwa nimeliona katika picha, limevaliwa na kijana aliyekonda kuliko mimi, na bado alionekana kama kadhi."

Ilikuwa mwaka 1959. Nilikuwa nimeshuka melini Mombasa nikitokea Malabar, nikavuka kivuko cha Likoni kwa nia ya kukaa Diani siku mbili. Nikaishia Galu majuma matatu. Sefu alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ofisa mdogo wa kilimo, mwenye baiskeli ya serikali na waya mrefu wenye ncha ya ndoana, alioutia kiunoni kama wengine watiavyo jambia. Nilimwuliza waya ule ni wa nini. Jibu lake lilianza miaka mitano nyuma, na barua mbili.

Wakati ule alikuwa karani katika hospitali ya Msambweni. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa, vijiji vyao, na kinachowauma, kabla hawajaingia kwa daktari. Alikuwa amemaliza sekondari Mombasa kwa alama nzuri, na katika fuko lao, yaani ukoo wa upande wa mama ambao kwa Wadigo ndio hasa unaomhesabu mtu, hakuna aliyewahi kufika mbali hivyo. Barua ya kwanza ilitoka Makerere, Kampala: amepata nafasi ya kusoma historia na Kiingereza. Ya pili ilikuja siku nne baadaye, kutoka kwa serikali ya Bara Hindi, iliyokuwa ikiwapa vijana wa Afrika nafasi za masomo: amepata nafasi katika chuo cha kilimo kusini kabisa mwa nchi ile, katika sehemu ambayo mazao yake makuu ni mpunga, pilipili manga na nazi. Zote mbili zilitaka jibu kabla mwezi uliofuata haujaisha.

Barua ya Makerere aliipeleka nyumbani siku ile ile. Ya Bara Hindi aliikunja akaificha ndani ya daftari la wagonjwa, baina ya mwenye homa na mwenye jipu.

Ombi la Bara Hindi alikuwa amelipeleka bila kumwambia mtu. Alitumwa Kwale kupeleka bahasha za hospitali, akaona tangazo ubaoni, akasoma neno "nazi" katikati ya Kiingereza kingi cha serikali, akacheka peke yake, kisha akaomba kalamu. Hakujua ni kwa nini. Alijua tu kwamba tangu utotoni, kila alipopata nafasi, alikuwa akikwea minazi ya mjomba wake huko Galu, wala si kwa ajili ya madafu. Alipenda kukaa juu akitazama jinsi kuti jipya linavyochomoza katikati ya kilele, limefungwa kama mkeka, na jinsi linavyofunguka.

Kwa upande wa gharama, barua zile hazikufanana hata kidogo. Makerere ingemsaidia sehemu kubwa, lakini jamaa zake wangetakiwa kutoa kiasi kila mwaka, na juu ya hicho, suti, viatu vya kamba na nauli ya treni. Bara Hindi ingelipa kila kitu, hata meli, hata posho ya sabuni. Kwa upande wa sifa, hapakuwa na mashindano. Makerere ilikuwa neno ambalo mtu akilitamka dukani, mwenye duka huinuka akamvutia kiti. Chuo cha Bara Hindi kilikuwa na jina refu ambalo Sefu mwenyewe alilifanyia mazoezi mara nyingi kabla ya kuweza kulisema bila kujiuma ulimi.

Kuhusu ni kipi kati ya viwili kilichomfaa yeye, Sefu, hakuna aliyemwuliza. Naye hakuwa amejiuliza.

Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Lakini hata angekuwa hai, jambo kama hili kwao lingekwenda kwa mjomba. Mjomba Abdurahman, kaka wa mama yake, alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya mwadhini ingawa hakuwa mwadhini, na mwenye minazi thelathini na minne nyuma ya ufuo wa Galu. Kila mtoto wa dada zake alipofika siku ya arubaini, mjomba alimpandia mnazi wake. Sefu alikuwa na wake, wa tatu kutoka kisimani.

Ijumaa baada ya barua ya Makerere kusomwa, Mjomba Abdurahman aliwatangazia watu mlangoni mwa msikiti kwamba mpwa wake anakwenda Makerere, na kwamba Jumapili ya tatu watu wote waje wale. Alasiri ile ile alikwenda kununua beberu. Kwa hiyo Sefu alipojikaza, Jumamosi asubuhi, kwenda kusema habari ya barua ya pili, beberu mwenyewe alikuwa amefungwa uani anakula maganda ya muhogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Makerere!" Tangu jana hakuwa akimwita jina jingine. "Kaa kitako."

"Mjomba, kuna barua nyingine."

"Wamekuongezea nini?"

"Si ya kule. Ni ya Bara Hindi. Chuo cha kilimo. Gharama yote juu yao. Wanafundisha habari za nazi, zaidi."

Mjomba alimtazama, kisha akamtazama dada yake Mwanapili, mama yake Sefu, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini.

"Nazi," alisema.

"Naam, mjomba."

"Uvuke bahari, ukae na watu usiowajua miaka minne, ukasome nazi."

"Naam."

"Mwanapili, huyu mtoto hospitali anafanya kazi au amelazwa?"

Mwanapili alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Nazi nilikufunza mimi hapa hapa, mwanangu, ukiwa na miaka mitano. Kuna tui la kwanza, kuna tui la pili. Chicha unawapa kuku. Hiyo ndiyo shahada."

Lakini alipomaliza kucheka uso wake ulibadilika, na alichosema baadaye ndicho kilichomwelemea Sefu zaidi. Mwanapili aliwahi kusafiri kwa treni mara moja maishani mwake, kwenda Mackinnon Road kuzuru kaburi la walii aliyezikwa karibu na njia ya reli. Alikuwa ameiona reli ikiendelea mbele.

"Kampala ni mbele ya Mackinnon Road," alisema. "Mbele sana, najua. Lakini ni njia ile ile. Nikikutamani nitajua uko upande gani. Sasa huko kwingine, mwanangu, ni mbele ya nini?"

Sefu alichuchumaa akamsaidia kuchambua mchicha.

Habari ilitoka uani kama moshi utokavyo jikoni. Kufika Jumatatu, wanywaji kahawa wa Diani walikuwa wameshampa jina.

"Profesa wa Kukuna! Karibu. Hebu tuambie, kifuu unakishika kwa mkono gani?"

"Mwacheni. Akirudi atatupimia tui kwa rula."

Alicheka nao, maana asiyecheka hapo huchekwa mara mbili. Lakini aliporudi Msambweni alitoa barua ya Bara Hindi daftarini na kuanza kuandika jibu la kukataa. Aliandika mistari miwili kwa Kiingereza kizuri, cha kumpendeza mwalimu wake wa zamani. Hakuitia sahihi.

Palibaki suala la ile sehemu ya jamaa. Mjomba Abdurahman hakuwa na fedha, ila alikuwa na minazi, na minazi yake tangu miaka miwili mitatu ilikuwa haizai vizuri. Nazi zilikuwa ndogo, nyingine zikianguka zikiwa vidaka, bado changa kabisa. Mjomba alijua sababu: husuda. Alikuwa amemwita mwalimu wa Kurani akaandika hirizi, na minne kati ya minazi ile ilikuwa imefungwa kitambaa cheusi shinani. Hata hivyo mnazi usiozaa nazi bado hutoa tembo, ile pombe ya mnazi, na tembo lina wanunuzi kila siku ya Mungu. Akaamua kuikodisha yote kwa mgema kwa miaka minne.

"Kwa hiyo mwanangu atasomeshwa na walevi," Mwanapili alisema.

"Mimi sinywi. Mimi namkodisha mtu mti. Anachofuata huko juu anakijua yeye."

"Na siku ya kiyama utasema hivyo hivyo, kaka?"

"Siku ya kiyama nitakuwa na mpwa aliyesoma Makerere. Atanisemea kwa Kiingereza."

Mgema mwenyewe aliitwa Katana. Alikuwa Mgiriama aliyehamia upande huu zamani, mtu mfupi, mkavu kama ukamba wa kumbi, na alikuwa akigema minazi ya watu wengi kati ya Galu na Diani. Kabla ya kukwea, aligonga shina mara tatu kwa mgongo wa kotama, kile kisu chake cha kugemea, ili wanawake walio nyuani wasikie na kujisetiri. Asubuhi aliyokuja kuikagua minazi ya mjomba, Sefu alikuwa na ruhusa ya kazini, akamwomba wakwee pamoja. Huenda alitaka kuiaga. Katana alimtazama miguu, akaona makovu ya kamba ya kukwelea, akakubali.

Wakakwea minazi miwili iliyokaribiana hata makuti yake yalikuwa yakisalimiana. Mnazi wa Sefu ulikuwa ule wa tatu kutoka kisimani. Alikuwa hajaukwea tangu aanze kazi Msambweni, na alipofika kileleni alishangaa. Kuti changa lilikuwa limekatwakatwa, kana kwamba mtu alilikunja kisha akalipitisha mkasi. Chini yake, kwenye nyama laini ya mti, palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na mdomoni mwake nyuzi zilizotafunwa.

"Katana," aliita. "Tundu hili la nini?"

Katana hakugeuka. "Uko juu?"

"Si unaniona niko juu?"

"Basi naweza kukwambia. Ni chonga. Mdudu mweusi, ana pembe. Anakula moyo wa mti."

"Yuko kwenye mti huu peke yake?"

"Huu? Hata huu wangu. Na ule, na ule wenye hirizi." Alikuwa akionyesha kwa kotama kama mtu anayehesabu mbuzi zake. "Mimi hii minazi naijua. Naiona kila siku nikiwa juu ya ile ya jirani. Kumi na tisa, kwa macho yangu. Na huko Diani ni vivyo hivyo, tangu mwaka juzi."

Sefu alishikilia kuti kwa mikono miwili. "Mwaka juzi! Na hukumwambia mjomba?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba minazi yake inaliwa!"

"Sikiliza, bwana karani," Katana alisema kwa upole. "Mimi nikiwa hapa naona mambo. Namwona mke wa mtu anaoga. Namwona mtu aliyeapa msikitini hana mahindi, anayafukia nyuma ya banda. Baba yangu alinifunza: mgema akishuka, macho yake ayaache juu. Nikianza kusema ya juu, nani atanipa tena mti ulio karibu na ua wake?"

"Chonga si mke wa mtu, Katana."

"Ni kitu cha mtu kilicho juu ya mti wake. Nijuaje kama hajui? Nijuaje kama hataki kijulikane? Hata wewe nisingekwambia, ila umekwea. Tulio juu twaweza kuzungumza."

Sefu aliniambia kwamba hapo ndipo alipotazama kaskazini, kuelekea Diani, akaona vilele vya minazi vikienda mpaka macho yanapochoka, na kwa mara ya kwanza aliviona vimekatwakatwa. Wagema wote walijua. Wenye minazi wote walikuwa chini wakiandikisha hirizi. Pwani ilikuwa ikifa kichwani, na waliojua walinyamaza kwa adabu njema. Naye kila asubuhi alikuwa akikaa Msambweni na daftari, akimwuliza kila aingiaye mlangoni, unaumwa wapi?

"Dawa yake nini?" aliuliza.

"Sijui. Nikimwona kwenye mti ninaougema namchokoa kwa kisu. Mmoja anatoka, wanarudi watatu. Wanatoka wapi, sijui." Katana alifikiri kidogo. "Hujasikia mahali wanapojua?"

Sefu alikaa juu ya mti ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipotaka kushuka, alisema, "Sasa mimi nitamwambia."

"Huwezi. Umekwea na mgema, umeona kwa macho ya mgema." Katana hakuwa akitania hata kidogo. Kisha akatabasamu na kuonyesha meno yaliyobaki. "Lakini mti ukiletwa chini, hauko juu tena."

Siku mbili kabla ya karamu, Sefu alimwendea mjomba wake na ombi. Watu wa pwani hii wakiangusha mnazi, hula moyo wake, kile kichelema cheupe, kitamu, kinachomong'onyoka kama nazi changa. Na karamu yenye kichelema husimuliwa mwaka mzima. Sefu aliomba mnazi wake mwenyewe uangushwe kwa ajili ya wageni.

Mjomba aliguswa. "Niliupanda kwa mkono wangu," alisema. "Wewe ulikuwa unalia siku ile, ukanikojolea. Sawa. Mti wako, furaha yako."

Wakaenda watatu. Katana alishika shoka, mjomba akashika sinia. Mnazi ulipoanguka ardhi ilitikisika, na beberu kule uani akalia. Katana akapasua kilele, na mjomba akainama na sinia lake kukinga kichelema.

Hapakuwa na kichelema. Palikuwa na uji mweusi, na harufu iliyomfanya mjomba arudi nyuma hatua mbili. Katikati ya uji ule vilitembea vidudu vitatu vyeusi, vinavyong'aa, kila kimoja na pembe yake, polepole kama wazee watokao kuswali.

"Husuda," mjomba alinong'ona.

"Bwana," alisema Katana, akiweka shoka chini, "sasa mti umeshuka, naweza kusema." Akasema. Alikwenda mti kwa mti, akigusa shina: huu unao, huu unao, huu mzima, huu unao, huu wenye hirizi unao kuliko wote.

Mjomba Abdurahman alikaa juu ya shina lililoanguka. Sinia lilikuwa bado mkononi.

"Tangu mwaka juzi," alisema. "Na kila asubuhi ukanisalimu."

"Na wewe ukaniitikia, bwana. Hukuniuliza."

Sefu alichuchumaa mbele ya mjomba wake. "Mjomba, Makerere naitaka. Nisikudanganye. Nataka joho, nataka wale wa kahawani waniite bwana. Lakini nikienda kule nitarudi nawajua wafalme wote wa Uingereza kwa majina, na hapa nitakuta minazi imebaki vigingi. Kuna mahali wanamjua mdudu huyu. Wameniita, na hawataki hata senti yako. Wala Katana hatahitaji kugema mti wowote kwa ajili yangu."

"Na beberu?" mjomba aliuliza kwa sauti ndogo, isiyo yake. "Watu nimewaalika kwa Makerere."

"Beberu hajui anachinjiwa chuo gani."

Mjomba hakucheka. Aliinuka, akaenda zake na sinia tupu, na kwa siku mbili hakusema na mtu. Sefu aliandika majibu yote mawili, moja la ndiyo na moja la la, kwa kila chuo. Bahasha nne kwa jumla. Alikuwa amekwisha amua, lakini kumwaibisha mjomba mbele za watu ni jambo ambalo kwao mtu hulibeba mpaka kaburini, na hakujua kama angeweza.

Jumapili watu walikuja, wakala, wakashiba. Ndipo mjomba aliposimama, na sauti yake ya mwadhini ikawa imerudi.

"Nilikuiteni kwa ajili ya Makerere," alisema. Akatoa barua kwenye mfuko wa kanzu. "Makerere imemtaka mpwa wangu. Hii hapa barua, ina muhuri. Mwenye kujua kusoma asome, asiyejua aushike muhuri." Barua ikapita mkono kwa mkono, ikapata mafuta ya pilau pembeni. Alingoja mpaka imrudie. "Sasa nakuulizeni. Hapa kuna wenye watoto waliosoma. Nani kati yenu ana mtoto aliyeitwa na Makerere, akasema asante, sina nafasi?"

Watu wakatazamana.

"Mimi ninaye," alisema Mjomba Abdurahman. "Anakwenda Bara Hindi kusoma nazi."

Kicheko kilianzia kwa watu wa kahawani. "Profesa wa Kukuna!" mmoja akapaza sauti.

"Cheka, bwana. Ukimaliza, nenda kamwulize mgema wako anaona nini huko juu."

Kicheko kilikatika. Kesho yake, kuanzia Galu mpaka Diani, wagema hawakuweza kufanya kazi kwa maswali. Katana alinisimulia sehemu hii mwenyewe. Alisema kwamba wengine walikataa kabisa kujibu, mpaka mwenye mti alipoapa kuwa anauliza habari za mti tu.

Sefu alichana bahasha mbili. Mwanapili alimsindikiza mpaka bandarini Kilindini, akaitazama meli, na bado hakujua ni mbele ya nini.

Sitaki kuifanya Bara Hindi kuwa pepo ya Mungu. Nimekaa huko, nawajua mbu wake. Mwaka wa kwanza Sefu aliumwa tumbo, alisoma kemia kwa machozi, na akapata barua kutoka kwa rafiki wa sekondari aliyekwenda Makerere, yenye picha ndani. Joho lilikuwa jekundu hata katika picha nyeusi na nyeupe, alisema, aliliona tu. Mwaka ule wa kwanza alilia kwa sababu ya picha ile mara moja, au mara mbili.

Lakini katika juma lake la pili alipita nyuma ya nyumba moja akamwona mama amekaa juu ya kigoda chenye chuma cha meno mbele, anakuna nazi, mguu huku na mguu huku, kama wanavyokaa akina mama wa Galu juu ya mbuzi ya kukunia. Akamwandikia Mwanapili. Jibu lilikuja kwa mkono wa mwandishi wa barua wa Msambweni, mistari miwili: "Kama wanakuna hivyo, si mbali. Kula vizuri." Na huko, katika shamba la chuo, aliona watu wakipita mnazi baada ya mnazi na waya wenye ndoana, wakimvuta mdudu yule yule, wenyewe wakimwita chelli, na mwalimu wake akamfundisha alichokuwa hakijui hata Katana, kwamba mdudu huyo huzaliwa ndani ya magogo ya minazi yaliyoachwa yaoze na katika marundo ya samadi. Mjomba Abdurahman alikuwa na magogo sita nyuma ya nyumba. Aliyatunza kwa ajili ya kuni.

Sefu alirudi mwaka 1958. Kati ya ile kumi na tisa, mmoja alikuwa ameuangusha kwa mkono wake mwenyewe, na saba imekufa akiwa ng'ambo. Iliyobaki kumi na mmoja inaishi. Magogo yamechomwa, miche imepandwa kwenye mapengo. Yule rafiki wa Makerere sasa ni mwalimu, anapita Ukunda kwa gari, na watu humwita bwana. Sefu wanamwita Sefu wa Chonga. Nilimwuliza kama linamuuma. Akafikiri, akasema linamuuma siku za Ijumaa tu, watu wanapovaa vizuri.

Siku yangu ya mwisho Galu nilikwenda naye kwa mjomba wake. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mnazi wa kwanza, fimbo mkononi. Mwanapili alikuwa ndani ya ua. Sefu alivua viatu, akachukua waya, akagonga shina mara tatu kama alivyofunzwa na Katana, na kukwea. Hakuwa amefika hata nusu mjomba alipoanza.

"Unaona nini?"

"Bado, mjomba!"

"Sema unachokiona!"

"Naona kuti jipya, zima! Naona makarara mawili ya maua!"

"Na chonga?"

"Ngoja... hapana. Hakuna! Hata tundu!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Naona la mnazi wa pili nalo limechomoza! Naona bati jipya la duka! Naona mama ameacha chungu motoni, anazungumza na jirani, wali unaungua..."

"Weeee!" sauti ya Mwanapili ilitoka uani. "Sefu!"

Mjomba Abdurahman aligonga shina kwa fimbo. "Hayo usiseme!" alipiga kelele kuelekea juu, akicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sema ya mnazi tu! Ya mnazi tu, mwanangu!"